BIMA YA KUKU NA NJIWA KATIKA MITAA YA EASTLANDS

Hasara ipi yaweza kugawanywa na majirani, na ipi haigawanyiki?

Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, hutoka karibu na katikati ya jiji la Nairobi ikaelekea mashariki kupita Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela na Maringo. Jina lake laifaa sana, kwa kuwa nyuma ya nyumba nyingi za mitaa hiyo majogoo huwika alfajiri kabla ya matatu ya kwanza kupiga honi. Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa nyakati mbalimbali: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kaloleni katika miaka ya 1940, Ofafa na Mbotela katika miaka ya 1950, na Buru Buru, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970. Walioichora mitaa hiyo walifikiria watu, vitanda na majiko. Kuku hawakuwamo katika ramani. Hata hivyo kuku walikuja pamoja na watu, na mpaka leo wapo.

Karani arudipo kazini jioni huwahesabu kuku wake kabla ya kuketi mezani. Mama auzaye mayai kwa majirani huyategemea kwa karo ya watoto na kwa dawa. Kijana afugaye njiwa juu ya paa hutumia fedha zake za akiba kununua jozi moja nzuri. Hakuna hata mmoja kati yao aitwaye tajiri wa mifugo, lakini kila mmoja ana mali ambayo yaweza kutoweka kwa usiku mmoja. Mwizi akivunja tundu, mwewe akishuka, au ugonjwa ukiingia, mwenye mali hubaki na manyoya tu. Ndipo huulizwa swali hili: ikiwa gari hukatiwa bima, na nyumba hukatiwa bima, kwa nini kuku na njiwa wasikatiwe?

Swali hilo si la mzaha, na jibu lake si fupi kama wengi wadhanivyo.

BIMA NI NINI HASA

Neno "bima" lilifika katika Kiswahili kutoka kwa Wahindi, na biashara yenyewe si ngeni katika nchi hii. Kampuni ya Jubilee, kwa mfano, ilianzishwa Mombasa mwaka wa 1937. Lakini hata leo wako watu wadhanio kwamba bima ni namna ya bahati nasibu, ambamo mtu huweka fedha kidogo akitumaini kupata nyingi. Wengine hudhani ni kama benki, nao hukasirika mwaka ukiisha wasirudishiwe walichotoa. Mawazo yote mawili si sawa.

Bima ni watu wengi kuchanga kidogo kidogo, ili wale wachache watakaopatwa na msiba katika mwaka ule walipwe kutoka katika mchango wa wote. Asiyeibiwa hakupoteza fedha zake. Alinunua usingizi wake wa usiku. Watu wa Eastlands walijua jambo hili muda mrefu kabla ya kuona hati ya bima, maana vyama vya kuzikana vimefanya kazi hiyo tangu siku nyingi. Mtu hufa mbali na kwao, na wenzake hutoa kila mmoja kiasi kidogo ili maiti isafirishwe. Hakuna aliyepata kusema kwamba amepunjwa kwa sababu yeye hakufa.

Bima yoyote, ya kampuni au ya majirani, husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza, mtu huweza kukata bima ya mali ambayo yeye mwenyewe atapata hasara ikipotea; hawezi kukata bima ya jogoo wa jirani. Ya pili, lazima aseme kweli yote kabla ya kukubaliwa. Akificha kwamba kuku wake wameanza kukohoa, mkataba huvunjika. Ya tatu, fidia haizidi hasara. Kuku wa shilingi 800 hawezi kumletea mwenyewe shilingi 2,000, kwani ikiwa hivyo kuku wengi wangekufa bila kuugua.

WENGINE WALIVYOFANYA

Katika Uingereza ya karne ya 19, vibarua wengi wa mashambani walifuga nguruwe mmoja au ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Mnyama huyo akifa, jamaa nzima ilikosa nyama au maziwa ya mwaka. Basi vibarua wa kijiji waliunda vyama vya nguruwe na vyama vya ng'ombe. Kila mwanachama alitoa senti chache kwa kila mnyama. Palikuwa na mtu aliyechaguliwa kumkagua mnyama na kumtia alama kabla ya kupokelewa katika chama, na mnyama asiyetiwa alama hakulipiwa. Vyama hivyo havikuwa na jumba la ghorofa. Vilikuwa na daftari, sanduku la fedha na watu waliojuana.

Leo katika nchi hiyo hiyo yako makampuni yakatayo bima ya ndege wa nyumbani. Mwenye kasuku hulipa ada, na ndege akiibiwa, au akiruka dirishani asirudi, au akihitaji daktari, kampuni hutoa fidia kwa mujibu wa hati. Katika Marekani, mwaka wa 1982, Lassie, mbwa aliyejulikana katika sinema na televisheni, alikatiwa bima ya matibabu, na tangu hapo biashara hiyo imekua sana. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kasuku wa namna hiyo hununuliwa kwa fedha nyingi, na ada ya mwezi mmoja huko huweza kuzidi bei ya tetea mzima katika Soko la Burma.

KWA NINI WAKALA HAJI KWA KUKU KUMI

Katika Kenya yako makampuni yakatayo bima ya mifugo, hasa ng'ombe wa maziwa, na baadhi yao hukubali kuku wa biashara wafugwao kwa wingi. Kazi ya kampuni hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima chini ya Sheria ya Bima, na katika mwaka wa 2020 zilitolewa kanuni maalumu za bima ndogo ndogo kwa ajili ya watu wenye mapato madogo. Hata hivyo mwenye kuku kumi hukuta kwamba wakala hana haraka ya kumtembelea.

Sababu yake si dharau. Kabla ya hati kutolewa, mtu lazima aje awaone kuku, aandike idadi yao, akague tundu na kufuli, tena mara nyingi cheti cha daktari wa mifugo hutakiwa. Hasara ikitokea, mtu lazima aje tena kuhakikisha. Nauli na mshahara wa mtu huyo kwa siku mbili huzidi ada yote ya kuku kumi. Kampuni ikitaka kupata faida kwa kuku hao, itabidi idai ada ambayo hakuna mwenye akili atakayeilipa.

Jirani, kwa upande wake, hahitaji nauli. Anawaona kuku hao kila siku, anajua nani hufunga tundu lake na nani huliacha wazi. Kwa hiyo kazi ambayo ni ghali kwa kampuni ni rahisi kwa majirani. Hapa ndipo chama kidogo cha wafugaji wa mtaa mmoja chaweza kufaa.

HESABU YA MFANO

Mathalani, wafugaji 20 wa mtaa mmoja wameungana, kila mmoja akiwa na kuku 15. Kuku wote ni 300. Bei ya kuku mmoja imekubaliwa kuwa shilingi 800. Wamekubaliana pia kwamba kuku akiibiwa, chama kitalipa shilingi 600, na shilingi 200 zilizobaki zitakuwa hasara ya mwenyewe, ili asiache kufunga mlango wake kwa sababu chama kipo.

Kila mwanachama hutoa shilingi 40 kwa mwezi, yaani shilingi 480 kwa mwaka. Sanduku la chama hupata shilingi 9,600. Ikiwa kuku 12 wataibiwa katika mwaka huo, fidia itakuwa shilingi 7,200, na shilingi 2,400 zitabaki kuwa akiba. Mama aliyepoteza kuku wanne kwa usiku mmoja atapokea shilingi 2,400, naye ataweza kununua matetea matatu na kuanza tena. Bila chama, angekaa mikono mitupu.

Hesabu hii hufaulu kwa sababu moja: mwizi hawezi kuingia katika nyumba 20 kwa usiku mmoja. Leo amemwibia huyu, mwezi ujao humwibia yule, na wengi hubaki salama. Wengi walio salama ndio wamlipao mmoja aliyeumia. Hiyo ndiyo hasara iwezayo kugawanywa.

KIDERI HAKIGAWANYIKI

Sasa chukua chama kile kile, na kideri kiingie mtaani. Kideri ni ugonjwa wa virusi uliopewa katika Kiingereza jina la mji wa Newcastle, ambako ulitambuliwa mwaka wa 1926. Hakuna dawa ya kumponya kuku akisha kushikwa. Katika kuku wasiochanjwa, ugonjwa huo huweza kuua wanane katika kila kumi, na pengine wote. Kuku hukohoa, huharisha kinyesi cha rangi ya kijani, hupinda shingo, kisha hufa. Husambaa kwa kinyesi, kwa vyombo, kwa viatu vya watu, na kwa kuku mgeni aliyenunuliwa sokoni jana.

Katika chama chenye kuku 300, kideri kikiua 240, fidia ya shilingi 600 kwa kila kuku itafika shilingi 144,000. Sanduku lina shilingi 9,600. Wanachama watalazimika kuchanga kwa miaka 15 ili kulipa msiba wa juma moja, na wala hakuna aliyebaki salama wa kumlipia mwenzake, kwa maana wote wamepatwa pamoja. Chama kitavunjika, na watu watasema mhazini ameiba, kumbe mhazini hana kosa. Kosa lilikuwa katika ahadi.

Hapa ndipo vyama vingi vyenye nia njema hujikwaa. Huahidi kulipa "kwa hasara yoyote", maneno ambayo ni matamu kusikia lakini hayawezi kutimizwa. Msiba uwapatao watu wote kwa wakati mmoja huhitaji mfuko mkubwa kuliko wa mtaa. Wafugaji wa ng'ombe na ngamia wa kaskazini mwa Kenya wanalijua jambo hilo. Ukame huwapiga wote pamoja. Kwa hiyo bima iliyoanzishwa Marsabit mwaka wa 2010, kwa kazi ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao yake Nairobi, haikutegemea michango ya majirani peke yake. Hali ya malisho ilipimwa kwa picha za setilaiti, na fidia ilitoka katika makampuni ya bima, ambayo nayo yaliweka sehemu ya mzigo juu ya makampuni makubwa zaidi ya ng'ambo.

Kwa kuku wa Eastlands iko njia iliyo rahisi kuliko setilaiti, nayo ni chanjo. Chupa moja ya chanjo ya kideri hutosha kuku wengi, mara nyingi mia moja au zaidi. Mwenye kuku kumi akiinunua peke yake, sehemu kubwa humwagwa, kwa kuwa chanjo hutakiwa kukaa katika baridi, na chupa ikisha kufunguliwa lazima itumike kwa muda mfupi. Lakini wafugaji 20 wakichagua siku moja, chupa tatu zaweza kuwatosha kuku wote 300 katika asubuhi moja, kisha wakarudia kila baada ya miezi mitatu hivi kama daktari atakavyoagiza. Chanjo hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, tena bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo sana.

Kanuni basi ni hii: hasara ya mwizi ilipiwe kwa fidia baada ya kutokea, hasara ya kideri ilipiwe kwa chanjo kabla ya kutokea. Chama kitakachotumia akiba yake kununua chanjo kitaishi. Chama kitakachoahidi fidia ya kideri kitakufa pamoja na kuku.

ADA YA DAKTARI

Wengi husema kwamba kumwita daktari wa mifugo kwa sababu ya kuku mmoja ni ujinga, kwa kuwa ada yake huzidi bei ya kuku. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakukamilika. Kuku mmoja aliyekufa ghafla si mgonjwa tena. Ni barua iliyotumwa kwa wengine wote. Akipelekwa kwenye maabara ya mifugo Kabete akiwa bado hajaoza, wataalamu waweza kumpasua na kueleza kilichomwua. Gharama hiyo ikitolewa na mfuko wa chama, kila mwanachama hutoa shilingi chache, na faida huwafikia kuku wote.

Tena yafaa kuuliza kama mtu ajiitaye daktari ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya mwaka wa 2011 yataka hivyo. Mwenye mkoba na sindano si daktari kwa sababu ya mkoba na sindano.

NJIWA NA KASUKU

Njiwa ana matatizo yake mwenyewe. Kuku akipotea, huenda ameibiwa. Njiwa akipotea, huenda amefuata kundi jingine, au ameliwa na mwewe, au amefungiwa na kijana wa mtaa wa pili. Kwa sababu hiyo hati nyingi za bima hukataa kulipa ndege "aliyetoweka" bila dalili ya kuvunja. Dawa yake ni alama. Kinda wa njiwa akiwa na umri wa juma moja hivi huvikwa pete mguuni; mguu ukisha kukua, pete haitoki tena. Nambari ya pete ikiandikwa katika daftari la chama, ubishi juu ya mwenye ndege hukoma. Kuku nao waweza kutiwa kibandiko cha bawani.

Kuhusu kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, onyo latosha. Ndege huyo ni wa mwituni, na tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka wa 2016 mataifa yamemweka katika daraja la juu la ulinzi, ambalo hukataza biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Katika Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 yataka kibali kwa kumweka ndege wa namna hiyo. Asiye na kibali asitafute bima. Kampuni haiwezi kulinda mali ambayo sheria haikubali kuwa ni mali yake.

MASHARTI YA CHAMA KIDOGO

Kwanza, hata ufugaji wenyewe wa kuku una sheria yake katika jiji. Sheria ya kilimo cha mjini ya Kaunti ya Nairobi, ya mwaka wa 2015, huruhusu ufugaji kwa masharti na kwa idhini. Afisa wa kilimo wa kaunti ndiye wa kuulizwa.

Pili, chama kiandikishwe chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, na kisaidie wanachama wake tu. Kuuza bima kwa watu wote bila leseni ni kosa. Chama kisijiite kampuni, wala kisichapishe hati za kuuzia wageni.

Tatu, kila mwezi kuku wahesabiwe na mwanachama mwingine, asiwe mwenyewe. Idadi iandikwe, na wote wawili watie sahihi. Kuku asiyeandikwa halipiwi.

Nne, wizi uarifiwe kwa katibu siku ile ile na kwa polisi, nambari ya kitabu cha matukio ichukuliwe, na wanachama wawili wakalione tundu lililovunjwa. Tundu lililoachwa wazi lisilipiwe.

Tano, fedha zisikae mfukoni mwa mtu mmoja. Michango ipokelewe kwa stakabadhi au kwa simu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu.

Sita, na hili ndilo kubwa, mwanachama asiyechanja kuku wake asilipwe chochote. Yeye si wa kuhurumiwa, kwa kuwa tundu lake ni mlango wa kideri kwa majirani 19.

Chama chenye daftari la namna hiyo, lililoandikwa vema kwa miaka miwili au mitatu, kitakuwa na kitu ambacho kampuni za bima hukitafuta na hawakioni: hesabu ya kweli ya kuku wangapi waliibiwa, wangapi walikufa, na kwa sababu gani. Wakala asiyetaka kuja kwa kuku kumi huenda akaja kwa kuku 300 waliochanjwa, wenye alama, na ambao wamehesabiwa kila mwezi. Wanachama wataweza wakati huo kuweka hesabu yao mezani na kujadili ada, wakiwa watu wenye mali inayojulikana. Daftari lenyewe halina bei kubwa katika duka lolote la Barabara ya Jogoo, na hesabu ya kwanza yaweza kuanzwa jioni ya leo, kuku wanapoingia kulala.